SAFARI YA UGOGO: SAUTI TUPU YATOSHA

Wasomaji wapenzi, mbukwenyi! Ndivyo Wagogo wanavyowasalimu watu wengi kwa mara moja. Nimerudi kutoka kwao na salamu hiyo mdomoni, na jambo moja moyoni ambalo sikuwa nalo nilipoondoka. Nitalieleza, ila naomba kwanza mnifuate njiani, maana jambo lenyewe nililipata kwa kutembea.

Mwezi wa Agosti mwaka 2024 nilipanda gari moshi pale Tabora kwenda Dodoma. Dada yangu ameolewa huko, na shemeji yangu ni katekista wa kigango kimoja upande wa Chamwino. Mtoto wao alikuwa anajiandaa kupokea Kipaimara, nami ndiye mjomba. Mjomba asipofika, ni nani atakayefika?

Gari letu lilipita katika reli ya zamani, ile iliyojengwa wakati wa Wajerumani, ambayo ilifika Dodoma mwaka 1910. Siku zile reli mpya ya umeme ilikuwa imeanza tu kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na habari zake zilikuwa midomoni mwa watu wote behewani. Sisi tuliotoka Tabora tulikwenda taratibu kama baba zetu. Ukitoka Manyoni, reli yateremka bonde kubwa penye Saranda, na kule chini waiona nchi imetandazwa kama mkeka: Kintinku, kisha Bahi, ambako wakati wa mvua maji hutuama na watu hulima mpunga. Lakini Agosti si wakati wa mvua. Vumbi liliingia dirishani, likakaa juu ya mikate yetu, tukala vivyo hivyo.

Mji wa Dodoma uko juu ya uwanda, kama mita 1,100 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Asubuhi ni baridi, mchana jua ni kali, na upepo hauna adabu. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili, na mara nyingi hazifiki milimita 600 kwa mwaka mzima. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba hapa ndipo patakuwa makao makuu ya nchi, na tangu mwaka 2016 ofisi za Serikali zilihamia kweli. Basi mji umejaa majumba marefu na barabara pana. Hata hivyo, ukipanda basi la kwenda mashariki, muda si mrefu majumba yanakwisha, na waona Ugogo wenyewe: mibuyu minene, mawe makubwa yaliyokaa juu ya mengine kama yamepangwa, ng'ombe na wachungaji wao, na hapa na pale tembe, zile nyumba za dari bapa la udongo.

Shemeji alinipokea kituoni kwa baiskeli. Jioni tulikula ugali wa uwele kwa mlenda, na dada akacheka kuona nimesahau jinsi ya kuukata mlenda usininginie kidevuni.

WATU WA KUIMBA

Kila mtu asikiaye jina la Wagogo hukumbuka ng'ombe, kisha hukumbuka ngoma. Ni haki. Hukwe Zawose, aliyefariki mwezi wa Desemba mwaka 2003, alikuwa mtoto wa nchi hii. Yeye alizichukua zeze na ilimba za Ugogo akazipeleka hata Ulaya, na sauti yake iliweza kupanda juu kama ya mtoto na kushuka chini kama ya mzee. Pale Chamwino, tangu mwaka 2009, hufanywa tamasha la muziki wa Kigogo, na vikundi vya vijiji vingi huja kuimba na kucheza mbele ya wenzao. Katika muheme akina mama ndio wapigao ngoma, wamezibana kati ya mapaja, nao wanazipiga kwa nguvu ambayo wanaume huitazama kwa heshima.

Lakini ajabu ya Ugogo haimo katika ngoma peke yake. Imo kooni. Wagogo huimba kwa sauti nyingi kwa mara moja, na hawakufundishwa hivyo na misioni wala shule. Huanza utotoni. Mtaalamu mmoja wa muziki, Mhispania aitwaye Polo Vallejo, alirudi miaka mingi katika kijiji cha Nzali kuwasikiliza watu wa huko, akaandika kitabu kizima juu ya nyimbo za watoto tu. Alistaajabu kuona watoto wadogo wachezapo mavumbini wanagawana sauti bila kuambiwa na mtu.

Kuimba bila chombo chochote, sauti za watu peke yake, Waitalia wamekupa jina: a cappella, maana yake ni kuimba kama inavyoimbwa katika kanisa dogo. Jina hilo limetoka kwetu Wakatoliki. Kwa karne nyingi waimbaji wa Baba Mtakatifu katika Kanisa la Sistina, kule Roma, waliimba Misa bila kinanda. Mwaka 1903, siku ya Mtakatifu Sesilia, tarehe 22 Novemba, Baba Mtakatifu Pio wa Kumi aliandika kwamba muziki ulio wa Kanisa hasa ni ule wa sauti tupu, ingawa kinanda nacho kinaruhusiwa. Hata leo kila mmoja wetu anajua kwamba Alhamisi Kuu, baada ya Gloria, kengele hunyamaza mpaka Gloria ya mkesha wa Pasaka. Siku zile tatu ndizo zilizo kubwa kuliko zote, na ndizo siku ambazo Kanisa hutaka sauti za watu zisikike zaidi kuliko vyombo.

Hayo yote niliyajua kabla ya kupanda gari moshi, maana mimi mwenyewe nilikuwa mwalimu wa kwaya kwa miaka kumi na minne. Niliyajua kama mtu ajuavyo njia ya mji asioufika.

KINANDA CHA KIGANGO

Kesho yake, Jumamosi jioni, shemeji alinichukua kwenye mazoezi ya kwaya. Kanisa la kigango ni la matofali, bati juu, na mabenchi machache. Mbele palikuwa na kinanda cha umeme, kimefunikwa kitambaa cheupe kama mtoto mchanga. Wanakwaya walikinunua kwa fedha za alizeti. Kijana mmoja wa kidato cha nne ndiye mpigaji, na betri yake huchajiwa kwa sola ya duka la jirani.

Kijana alibonyeza, spika ikanguruma, na kwaya ikaimba. Waliimba vizuri. Vijana walikuwa safi, wamejipanga, wanatazama mbele. Nami nikapiga makofi.

Ndipo nikaona kwamba nyuma kabisa, kwenye benchi la mwisho, wamekaa bibi watano au sita. Walikuja kwenye mazoezi, lakini hawakuimba. Mmoja alikuwa akisokota uzi wa kushonea ushanga. Nikamwuliza shemeji, hawa ni wasikilizaji? Akasema polepole, "Hapana, ndugu yangu. Hawa ndio walioianzisha kwaya hii. Tangu kinanda kilipokuja wanakaa nyuma. Wanasema kinanda kinawakosoa."

Wasomaji, neno lile lilinichoma, na sasa niseme kwa nini. Katika kigango changu mwenyewe, miaka sita iliyopita, mimi ndiye niliyeshawishi kwaya kununua kinanda. Tulikinunua. Kisha nikawaambia akina mama wanne wazee kwamba sauti zao haziko kwenye ufunguo, na kwamba wanawapotosha wasichana. Nilisema mbele ya watu wote. Hawakujibu. Juma lililofuata hawakuja, na juma lililofuata tena hawakuja, nami nikasema moyoni, sasa kwaya imesafishwa. Hivyo ndivyo nilivyosema.

KWA NINI KINANDA KILIWAKOSOA

Usiku ule nilimwuliza shemeji zaidi, naye alijua mambo, kwa maana amezaliwa huko. Nitawaeleza kwa maneno mepesi.

Chukua uzi wa zeze, ukaze. Ukiupiga wote, hutoa sauti yake ya chini. Ukiugusa katikati kwa ncha ya kidole na kuupiga, hutoa sauti ileile lakini ya juu. Ukiugusa penye theluthi, hutoa sauti nyingine, na penye robo nyingine, na kuendelea hivyo. Tuseme uzi wote watikisika mara 100 kwa nukta moja. Basi nusu yake yatikisika mara 200, theluthi yake mara 300, robo yake mara 400. Ni ngazi iliyomo ndani ya kila uzi, na ndani ya kila koo la mtu; hakuna fundi aliyeitengeneza. Wataalamu waliochunguza muziki wa Ugogo, kama Gerhard Kubik wa Austria katika miaka ya 1960, wameeleza kwamba nyimbo za Wagogo zimejengwa juu ya vipandio vya ngazi hiyo, kuanzia cha nne na kwenda juu hadi cha tisa au cha kumi.

Sasa, kipandio cha saba ndicho chenye maneno. Katika kinanda hakimo. Fundi wa kinanda amegawa sauti zote kwa vipimo vilivyo sawasawa ili mpigaji aweze kuanzia popote, na sauti iliyo karibu na kile cha saba imewekwa juu kidogo kuliko ile ya uzi. Tofauti ni ndogo, kama theluthi ya hatua iliyopo kati ya funguo mbili zinazofuatana. Lakini sikio la bibi aliyelelewa na zeze laisikia, kama ulimi unavyosikia mchanga ndani ya ugali. Bibi anaimba kweli ya uzi; kinanda kinaimba kweli ya fundi. Na kwa kuwa kinanda kina spika, kinashinda.

Basi nikafahamu. Wale mama zangu wanne hawakuwa wamekosea. Walikuwa mahali pengine, na mimi sikuwa na sikio la kupafikia.

USIKU WA MSIBA

Yapata saa tisa za usiku tulisikia hodi. Bibi mmoja wa jirani, aliyekuwa mgonjwa tangu mavuno, amefariki. Alikuwa miongoni mwa wale wa benchi la nyuma, ila jioni ile hakuweza kuja. Shemeji alivaa koti, akachukua rozari na taa, nami nikamfuata.

Watu walikwisha kusanyika uwanjani. Moto uliwashwa. Wanawake walikuwa ndani na marehemu, wanaume nje, na upepo wa Dodoma ukipeperusha majivu. Shemeji aliongoza rozari. Ilipokwisha, vijana wa kwaya waliofika wakaambiwa waimbe.

Kinanda hakikuwapo. Nani angekibeba usiku ule, na betri imekwisha kwa mazoezi ya jioni? Yule kijana mpigaji alisimama na mikono mitupu. Msichana mmoja akaanzisha wimbo wa marehemu, akaanza juu mno. Ubeti wa kwanza ulikwenda. Katika ubeti wa pili sauti za juu zilikatika, wanaume wakakosa mahali pa kushika, wakatazamana. Wimbo ukafa. Ndani ya nyumba tukasikia binti wa marehemu akilia peke yake, na hakuna aliyejua la kufanya. Nimefundisha kwaya miaka kumi na minne, wasomaji, na pale nilikaa kimya kama jiwe. Mimi nami nilikuwa nimezoea kupewa sauti na kinanda.

Kisha kutoka ndani bibi mmoja akaanza. Hakuanza kwa nguvu. Alianza chini, polepole, kwa Kigogo, kama mtu anayesema na aliyelala. Bibi wa pili akaingia juu yake, wala hakufuata maneno yote, aliyashika ya mwisho tu. Wa tatu akaingia kati. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nami, ambaye hakuwa amesema neno tangu tufike, akafungua kinywa akatoa sauti nene iliyokaa chini ya zote kama mwamba unavyokaa chini ya mlima. Hakuna aliyehesabu, wala hakuna aliyepunga mkono. Sauti zilizunguka kutoka ndani kwenda nje na kurudi ndani, na ukuta wa tembe haukuzizuia.

Nilisikia jambo jingine tena. Juu ya sauti zile kulikuwa na sauti ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiiimba. Sauti zikikaa sawasawa kabisa, huzaa nyingine juu yao; wanaojua mambo ya sauti hueleza kwamba ni zile sauti za juu zilizomo ndani ya kila koo, zinapokutana na kuongezeana nguvu. Shemeji alininong'oneza, "Huyo ndiye marehemu anajibu, hivyo wasemavyo wazee." Sisemi kwamba ni hivyo. Nasema kwamba niliisikia.

Binti wa marehemu aliacha kulia kwa kupiga kelele, akaanza kuimba naye. Vijana wa kwaya wakasogea karibu na ukuta. Yule mpigaji wa kinanda aliweka sikio kama mtoto anayesikiliza tumbo la mama yake. Waliimba mpaka kulipopambazuka, na mapambazuko hayakuonekana kuchelewa.

HAKUNA SAUTI YA TATU

Tulimzika Jumapili alasiri, baada ya Padre kufika. Nilipopata nafasi nilimwendea yule bibi aliyeanzisha, nikakaa chini, nikamsalimu, nikamwuliza, "Bibi, ni nani aliyekufundisha sauti ya tatu?"

Akanitazama. "Mwalimu, mimi sijui sauti ya tatu. Kuna nafasi tu. Namsikia mwenzangu amekaa wapi, basi mimi nakaa pale asipokaa. Akihama, nahama."

"Na akikosea?"

"Akikosea tunamfuata alikokwenda. Tutamwacha peke yake?"

Nilinyamaza. Nikakumbuka wale mama wanne wa kwetu, na nani aliyewaacha peke yao.

Bibi akaendelea kusema kwamba bibi yake alimweleza habari za Mtunya, ile njaa kubwa iliyowapata Wagogo wakati wa vita ya kwanza ya Wazungu na baada yake, miaka ya 1917 hadi 1920, ng'ombe na nafaka vilipochukuliwa kwa ajili ya majeshi na mvua zikakosekana. "Watu walikufa njiani," alisema. "Ngozi za ngoma zilichemshwa zikaliwa. Lakini walizikana kwa kuimba. Koo haliliwi."

KUBWA KULIKO UGOGO

Nikiwa njiani kurudi, dirishani pa gari moshi, niliwaza jinsi jambo hili lilivyo pana duniani. Kule Afrika ya Kusini, Wazulu waliotoka vijijini kwenda kufanya kazi migodini na viwandani walilala katika mabweni, mbali na wake zao, bila ngoma na bila nafasi ya kupiga miguu kwa kishindo. Wakaimba kwa sauti tupu, wakicheza kwa kunyata, na mtindo huo wauita isicathamiya, jina lililotoka katika neno lao la kunyata. Joseph Shabalala, aliyefariki mwaka 2020, aliunda kikundi cha Ladysmith Black Mambazo katika miaka ya 1960, na kwa sauti za wanaume peke yake kilisikika dunia nzima. Kule Georgia, nchi ya milima kati ya Ulaya na Asia, wanaume huketi mezani na kuimba kwa sauti tatu, na shirika la UNESCO liliutangaza uimbaji huo mwaka 2001 kuwa urithi wa watu wote. Mwaka 2003 likatangaza vilevile uimbaji wa Waaka, watu wafupi wa misitu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ndugu zao Wambuti wa msitu wa Ituri, katika Kongo ya mashariki, nao huimba kwa sauti zinazopishana kama matawi.

Hawa wote hawakuonana. Mmoja ni wa baridi na mwingine wa joto, mmoja Mkristo na mwingine wa dini ya wazee wake. Lakini kila mmoja aligundua kwamba ukiondoa chombo, watu hulazimika kusikilizana. Nadhani hiyo ndiyo sababu uimbaji wa namna hii hupendwa hata na asiyejua lugha yake. Msikilizaji hahitaji kufahamu maneno. Anasikia watu wanaotunzana.

Wala tusidhani kwamba Kanisa linatutaka tuache ya kwetu. Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga, Mtanganyika, alitoa kitabu chake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, akionyesha kwamba muziki wetu una haki yake katika ibada. Mwaka uleule, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza kwamba mapokeo ya muziki ya watu wa nchi za misioni yapewe heshima na nafasi inayostahili. Mtaguso huohuo uliheshimu pia kinanda cha filimbi. Kwa hiyo sisemi kinanda ni dhambi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa; mimi naongeza kwamba amtunzaye hulazimika kwanza kumsikiliza.

NILIYOYAFANYA

Nilipofika kwetu sikwenda kwanza kwenye kwaya. Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Kati ya wale mama wanne, mmoja alikwisha kufa, na sikuwa nimehudhuria mazishi yake. Nilikwenda kaburini nikamwomba msamaha pale, nikijua kwamba nimechelewa. Wa pili alinikaribisha, akanipa maji ya kunywa, akasema, "Nimesamehe, Mwalimu, lakini kuimba nimeacha." Nikakubali. Mtu aliyefungwa mdomo hafunguliwi kwa siku moja. Wawili walikubali kurudi.

Kinanda hatukukiuza. Kipo, na Jumapili kinapigwa. Lakini kila Alhamisi jioni kinabaki kimefunikwa, na wale mama wawili huketi katikati, si nyuma, na vijana huwazunguka. Miezi ya kwanza ilikuwa kelele tupu. Vijana walitaka kupewa namba za sauti, nao mama walisema hawana namba. Msichana mmoja alilia, akasema anajisikia kama amevuliwa viatu katika miiba. Nikamwambia, hata mimi. Majuma mengi yalipita kabla hatujafika mwisho wa wimbo mmoja bila kukatika, na ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Tulikaa tu, tukiogopa kuuharibu ukimya.

Bado hatujui kuimba kama bibi wa Ugogo. Sisi si Wagogo, na ngazi yetu ni nyingine. Lakini mwezi uliopita tulifiwa usiku, umeme ulikuwa umekatika, na kwaya ilipoitwa iliimba mpaka asubuhi bila kukatika.

Basi, ndugu msomaji, katika kigango chako pana benchi la nyuma. Jumapili ijayo geuka utazame nani ameketi pale. Usingoje usiku wa msiba ndipo umkumbuke. Mwendee mchana, ukae chini, umsalimu kwa heshima, umwombe aanze wimbo. Kisha sikiliza amekaa wapi, nawe utafute nafasi yako.